Radhi Tulizotakana Angani

Tangu ile ndege ianguke, siwezi kukaa kitako. Kwangu ni Chukwani, na ndege zinazotua hupita juu ya paa letu. Kila inapopita moja natoka uani, mwiko mkononi, kusikiliza injini. Mume wangu mwanzo alinicheka. Sasa husogeza sufuria tu, chakula kisiungue. Kazini Tunguu, ninakosomesha, naanza sentensi ubaoni, naiacha katikati, naenda dirishani. Wanafunzi wanadhani ni hofu. Kila mtu anadhani ni hofu, na mimi nimewaacha wadhani, maana mwenye hofu huhurumiwa na kuletewa uji. Ukweli ni kwamba nina hasira. Kuna neno nililisema angani nikiamini nakufa, kisha sikufa, na neno lenyewe bado liko palepale.

Tulikuwa tunatoka Pemba, mimi na dada yangu. Kwa mama tumezaliwa wawili tu: yeye kifungua mimba, mimi kitinda mimba, na baina yetu miaka kumi na mmoja. Tulikwenda kwenye harusi ya binti wa mjomba. Kwenda tulikwenda kwa boti, na dada alitapika tangu bandari ya Unguja mpaka ya Pemba, akaapa kuwa kurudi harudi kwa boti hata afungwe kamba. Basi tukarudi kwa ndege, zile ndogo za injini moja, abiria kumi na wawili tumebanana, na rubani yuko mbele yetu hapo hapo, unamwona hata anavyojikuna kisogo.

Dada yangu ni mtu wa amri. Amri zake hazichagui mtu wala mahali. Alipopanda alimgonga rubani begani kwa kidole, akamwambia, "Mwanangu, nenda polepole." Rubani akajibu, "Sawa, mama," bila kucheka, na dada akakaa, akafunga mkanda, akanifunga na mimi wangu. Nina miaka arubaini na tatu.

Siku hiyo upande wa magharibi ulikuwa na mawingu mazito ya mvua, kwa hiyo rubani akafuata pwani ya mashariki ya Unguja. Mimi nilikuwa dirishani. Bahari ilikuwa imekupwa, mchanga uko wazi hadi mbali, na juu yake mistari ya vigingi vya mwani, na wanawake wameinama katikati ya mistari ile. Nilikuwa nawaza nguo za harusi zilizojaa mchuzi, nani atazifua. Ndipo kikasikika kishindo kimoja mbele, kama mtu ameangusha beseni la bati. Mafuta meusi yakatapakaa kioo cha rubani. Rafadha ikazunguka mara mbili tatu kwa uvivu, nikaweza kuyahesabu mapanga yake, kisha ikasimama.

Injini ikinguruma, mtu huilalamikia. Iliponyamaza, tulisikia upepo ukipiga mluzi mlangoni na mtoto mmoja nyuma akiuliza kama tumefika. Rubani alizungumza upesi upesi kwenye redio yake, kisha akageuka, uso wake umelowa jasho, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kuwa injini imezimika, tutatua mchangani, tukaze mikanda na tuinamishe vichwa.

Sasa watu wa kwengine sijui hufanya nini wakiambiwa maneno kama hayo. Sisi tulitakana radhi. Kwetu mtu haendi Hija, haingii chumba cha upasuaji, bila ya kuwazungukia watu wake akiwaomba wamwie radhi. Jibu lake liko tayari mdomoni tangu utotoni: nimekusamehe dunia na akhera, na wewe nisamehe. Hakuna anayeuliza amekosewa nini. Kuuliza ni kukosa adabu, na kutaja ni kosa zaidi, maana utamtia mwenzako mzigo ambao hakuwa nao.

Mzee mmoja wa mbele, kofia imemdondokea machoni, ndiye aliyeanza. "Jamani, tutakane radhi!" Na ndege yote ikafumuka. Watu walioonana mara ya kwanza asubuhi ile, kwenye mizani ya mizigo, walikuwa wanasameheana kwa kelele. Bibi mmoja alimwomba radhi jirani yake kwa kumkanyaga wakati wa kupanda. Jirani akasema amesamehe, na yeye asamehewe kwa kumsonya. Mzee wa kofia akapaza sauti, "Na wewe rubani, tumekusamehe!" Rubani akapiga kelele, "Inamisheni vichwa!" Nilitaka kucheka. Naliona kosa hilo hadi leo, kwamba nilitaka kucheka, na dada yangu akadhani nalia.

Akaniwekea mkono wake kifuani, kama mtu anavyomzuia mtoto asianguke kitandani. Akaleta mdomo sikioni mwangu.

"Mdogo wangu, niwie radhi. Mama hakufa ghafla. Alilala siku tisa, akakuulizia. Sikukwita."

Nikasema, "Nimekusamehe dunia na akhera." Nilisema upesi, kama anayeitikia amina. Nikaongeza, "Na wewe nisamehe," kwa sababu ndivyo inavyomalizikia. Alifungua mdomo kuendelea. Chini yetu mchanga ulikuwa ushakuja.

Magurudumu yaligusa vizuri mara ya kwanza, na kwa kitambo cha pumzi mbili nilidhani tumeokoka kwa ulaini. Kisha tukaingia kwenye mashamba ya mwani. Kamba zikajizonga, vigingi vikapasuka chini ya miguu yetu, pua ya ndege ikazama, bawa moja likang'oka, na tukasimama tumelala ubavu. Hakufa mtu. Nalisema hili mapema kwa kuwa watu hawatulii mpaka walisikie. Mzee wa kofia alipoteza meno mawili. Rubani alipasuka paji la uso. Dada yangu alivunjika mkono, ule ule alioniwekea kifuani, mara mbili, juu na chini ya kiwiko.

Wa kwanza kutufikia walikuwa wale wanawake wa mwani, watu wa kijiji cha Uroa, mbio, nguo zimelowa mpaka kiunoni. Aliyetangulia alikuwa anapiga mayowe ya mwani wake, miezi yake miwili ya kuinama, na alikuwa na haki. Alipoona damu ya rubani alinyamaza ghafla, akavua kitambaa cha kichwani, akamfunga. Ndio waliotutoa mlangoni, mmoja mmoja, wakatubeba mpaka juu. Jioni maji yalijaa, ndege ikazama nusu, na mimi sikuiona tena ila katika simu za watu.

Neno lililoniingia rohoni halikuwa ajali. Lilikuwa lile, siku tisa.

Mama alipofariki mimi nilikuwa Dar, chuoni, kwenye mitihani ya mwisho. Dada alinipigia simu magharibi: mama ametutoka, ghafla, hakuumwa. Nilipanda boti ya asubuhi. Nilifika wameshamzika, kwa sababu maiti kwetu haisubirishwi, na nilikubali, nikashika kaburi bichi nikakubali. Kwa miaka yote ishirini nimekuwa nikilitumia neno hilo ghafla kila ninapomtaja mama. Aliondoka ghafla. Hakuteseka. Hakuwahi hata kunitafuta. Neno lile ndilo lililoniwezesha kula na kulala, na kuzaa watoto nikamwita mmoja jina lake. Sasa naambiwa alilala siku tisa, na baina yangu na kitanda chake palikuwa na saa mbili za boti.

Na nimeshasamehe. Dunia na akhera.

Nyumba ya dada iko Mji Mkongwe, ghorofani, ndiyo nyumba tuliyozaliwa. Wiki ya kwanza ilijaa watu wa kutupa pole. Walipanda ngazi wakihema, wakakaa juu ya mikeka, na dada, mkono umo ndani ya plasta, akawahadithia. Alikuwa na kipaji. Kila siku ndege ilipaa juu zaidi na mafuta yakaongezeka. Alipofika kwenye radhi alisema, "Tukatakana radhi, kama desturi," kisha akaangalia sinia. Mimi nilikuwa nagawa kahawa. Kila akifika hapo nilinyanyuka kwenda jikoni, nikafungua kabati, nikalifunga, nikarudi. Shangazi mmoja alisema mtoto huyu bado ana mshtuko, asomewe. Nikasomewa. Nikanyweshwa maji ya kombe, yaliyooshewa aya, nikafukizwa ubani mpaka nikakohoa, na hasira ikabaki palepale.

Nilimwendea hata shekhe, mwenye duka la udi na mafuta karibu na Darajani. Nilimwambia nina rafiki ana suala: mtu akisamehe kwa kudhani anakufa, kisha asife, msamaha ule unamfunga? Shekhe akanitazama juu ya miwani. "Rafiki yako ndiye aliyeanguka na ndege?" Nikachukua chupa ya mafuta, nikajifanya naisoma. Akasema, "Alisema kwa ulimi wake, akiwa na akili timamu? Basi keshasamehe." Kisha akavuta kiti karibu, akaniuliza kama ni kweli bawa liliruka mpaka mlangoni mwa hoteli. Nilitoka pale nimenunua mafuta ya miski nisiyoyataka, nikazunguka vichochoroni mpaka nikajikuta nimepita mlango ule ule wa msikiti mara tatu, na muuza ndizi akaniuliza nimepotea nini, mie mtoto wa mjini.

Kilichonichosha zaidi ni kuwa nilikuwa namwosha. Dada ni mjane, mwanawe mmoja yuko Oman, na mkono wa plasta hauwezi kufunga hata kifungo. Kwa hiyo kila siku nikitoka Tunguu nilipitia kwake. Nilimwogesha, nikamvisha, nikamchana nywele na kumsuka mabutu mawili. Ukimkasirikia mtu, jaribu kumsugua mgongo. Nilimsugua nikiwa nimeuma meno, na yeye akitoa amri: maji ya moto zaidi, sabuni imeingia sikioni, hapo ushapita mara mbili.

Siku ya ishirini, baada ya alasiri, alikuwa amekaa juu ya kibao, mimi nyuma yake kitini, kitana kimekwama kwenye fundo. Nikavuta.

"Unanichana au unanichinja?"

"Tulia nimalize."

"Siku ishirini hizi unaning'oa nywele. Lisemwe hilo."

"Sina la kusema."

"Unalo. Nshakwomba radhi, ukasema ushanisamehe."

"Nilisema kwa sababu tulikuwa tunakufa!"

Lilinitoka kwa sauti kubwa hata jirani wa chini akazima redio. Dada hakugeuka. Aliweka mkono wake mzima juu ya goti.

"Basi irejeshe," akasema. "Ikiwa ulinipa kwa kufa, na hatukufa, irejeshe. Mie sitaki kitu cha mtu asichokuwa radhi nacho."

Nilikuwa nimeitaka nafasi hiyo siku ishirini, na niliitumia vibaya. Nilimwambia saa mbili za boti, dada, saa mbili! Nilimwambia hata aliyefungwa jela huitwa, mama yake akiwa mahututi. Nilimwambia miaka yote hii amenitazama nikisema ghafla, ghafla, mbele ya watu, akaninyamazia kama mwendawazimu. Nikamwambia kuwa amekuwa akiniamrisha tangu nilipozaliwa, na kwamba hata kifo cha mama alikiamrisha yeye. Alisikiliza yote. Nywele zake zilikuwa bado mikononi mwangu, nusu zimesukwa, na mvi zake ni nyingi kuliko nilivyokuwa nikijua.

Nilipoishiwa na pumzi, alianza kusema akiangalia ukuta.

"Siku tano za mwanzo mwenyewe alikataa uitwe. Alisema, mwacheni, ana mtihani. Siku ya sita akaanza kukuulizia. Nkaishika simu, nkaiweka. Unataka nkwambie kwa nini? Kwa sababu ukija weye, mie narudi jikoni. Ndivyo ilivyokuwa siku zote humu ndani. Ukija weye, mama anakaa kitako, anacheka, anataka umweleze ya Dar, na mie nnakwenda kutia maji chai. N'likuwa nimemuuguza peke yangu, usiku na mchana. Nkasema hizi siku chache ziwe zangu. Kesho ntamwita. Kila siku nkasema, kesho."

Nilitaka kusema kitu, akaninyanyulia kidole.

"Hazikuwa zangu. Siku ya nane hakunijua tena. Akawa ananiita kwa jina lako. Nkimwambia, mama, ni mie, analia, ananigeuzia mgongo. Siku ya tisa akaita tena jina lako. Nkaitika. Nkasema, 'Naam, mama.' Akasema, 'Umekuja, mwanangu.' Nkasema nimekuja. Akanishika, akaomba dua, ndefu, mtu aliyekuwa hawezi kumeza hata maji. Akasema, 'Nakuwia radhi, mwanangu, kwa kila kitu. Mungu akutangulie popote.' Kwa jina lako. Nami nkaitikia amina, kwa jina lako. Magharibi haikumkuta."

Chini, mtu alikuwa anaburura ndoo. Dada akapangusa pua kwa ncha ya kanga.

"Hilo ndilo nililotaka kukwambia kule juu, sikuwahi. Kutokukwita ni kosa, lakini hili kubwa zaidi. Radhi za mama unazo. Alikupa. Mie nimekukalia nazo miaka ishirini, kwa sababu nikikupa zako, n'takuwa sina kitu."

Nilikaa na kitana mkononi. Hasira niliitafuta nilipoizoea, nikakuta ipo, lakini sikujua tena niielekeze wapi. Nilimwona yule mwanamke wa miaka thelathini na nne, ameinama juu ya kitanda siku tisa, ananyosha mashuka, anapima dawa, na kila anapofunua mdomo kusema ni yeye, mgonjwa analia. Nilikuwa Dar wakati ule, nakula chipsi na kulalamika kuwa maswali ni magumu.

"Na wewe?" nikamwuliza. "Wewe alikuambia nini?"

"Mie?" Alifikiri, kama aliyeulizwa kitu kigeni. "Hakuniambia kitu. Mie n'likuwepo tu."

Nilitoka kwenye kiti, nikaja mbele yake, nikapiga magoti sakafuni, mahali ambapo aliweza kuniona. Sikuwa na neno jengine isipokuwa lile ambalo sote tunalo mdomoni tangu utotoni, lakini mara hii nilitaja. Nilisema, dada, niwie radhi kwa kuwa ulirudi jikoni kila nilipokuja, na mimi nilikuona ukirudi, na nikakaa.

Hakunijibu upesi kama nilivyomjibu mimi. Aliniangalia muda mrefu, butu moja limesukwa na jengine limefumuka begani. Sikunyanyuka. Nilingoja.